Tusitupe ushahidi ulio katika majalada na nasaba ya vitabu vya kale

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii huwafaa sana baadhi ya watu wanaokusanya vitabu vya kale vya historia kwa ajili ya majalada yake. Mtu hununua juzuu nne zilizovikwa ngozi ya ndama, migongo yake imetiwa nakshi ya dhahabu, akazipanga sebuleni ili wageni wazione, na siku anapoiaga dunia hajasoma hata sura moja. Huko Ulaya na Marekani wako wachuuzi wanaouza vitabu vya ngozi kwa mita kana kwamba ni vitambaa. Mteja hutaja urefu wa rafu yake na rangi anayoitaka, akafungiwa mzigo wake akaenda zake. Kwa watu wa sampuli hiyo sina la kuongeza juu ya waliyoyasema wahenga.

Hata hivyo, ugonjwa huo si wetu. Hapa Kenya wenye vitabu vya ngozi sebuleni ni wa kuhesabika. Ugonjwa wetu ni wa upande wa pili: imani kwamba kitabu ni maandishi tu, na kwamba maadamu maneno yapo, jalada, mhuri, jina la mwenye kitabu na michoro ya kalamu pambizoni ni takataka. Katika makala ya leo ninadhamiria kuipinga imani hii. Hoja yangu ni kwamba nakala moja moja ya kitabu cha kale ni shahidi wa historia, na kwamba sehemu kubwa ya ushahidi wake haimo katika maneno aliyoyaandika mwandishi. Imo katika ngozi, uzi, gundi, na katika safari ya kitabu chenyewe kutoka mkono hadi mkono.

Hebu kwanza tuone wakusanyaji makini wanapima nini. Mizani yao aghalabu ina mawe matatu. La kwanza ni chapa: je, hii ni chapa ya kwanza, na imekamilika pamoja na ramani na michoro yake? La pili ni jalada: je, hili ndilo jalada alilolitoa mchapishaji, au kitabu kilijalidiwa upya baadaye, na ikiwa ni hivyo, fundi alikuwa nani na alimfanyia nani kazi hiyo? La tatu ni njia kilikopitia kitabu: kilimilikiwa na nani, akamwachia nani, kikauzwa katika mnada gani. Dalili zake ni jina lililoandikwa kwa wino, kikaratasi chenye nembo kilichogandishwa ndani ya jalada, mhuri wa maktaba, maneno ya kutunukia, nambari za penseli za dalali. Nakala mbili za kitabu kimoja, zilizotoka kwa mchapishaji yule yule siku ile ile, zaweza kutofautiana bei kama mbingu na ardhi kwa sababu ya jiwe hilo la tatu peke yake.

Kwa kuwa ukumbi huu ni wa lugha, tuyapime na maneno yenyewe. Neno jalada limetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ngozi. Yaani, lugha yenyewe inatukumbusha kwamba hapo awali kitabu kilivikwa ngozi. Kamusi zetu za zamani zina pia kitenzi kujalidi, kwa maana ya kukifunga kitabu na kukitia jalada. Kitenzi hiki leo kimekaribia kufa. Wanafunzi wangu wa uzamili wanapokamilisha tasnifu zao huniambia, "Prof, naenda kubaindi." Nalo neno jalada lenyewe limehamia mahakamani na ofisini, ambako maana yake ni faili: jalada la kesi limepotea, jalada halijafika kwa kiongozi wa mashtaka. Sipingi ukopaji wa maneno, maana Kiswahili kisingekuwa Kiswahili bila kukopa. Ninachokilalamikia ni kwamba tumekopa neno la kazi ambayo tayari tulikuwa na jina lake, na jina la kazi likishapotea, huwa si rahisi kukumbuka kwamba kazi yenyewe iliwahi kufanywa na watu wetu.

Je, ile njia kilikopitia kitabu tuiiteje? Nimesoma tafsiri zinazotumia asili, nyingine chimbuko, nyingine historia ya umiliki. Asili na chimbuko hayatoshi. Maneno hayo yanaonyesha mahali kitu kilipoanzia tu, kama vile chemchemi ya mto, ilhali tunachokitaka hapa ni mto mzima. Historia ya umiliki ni sahihi lakini ni maelezo, si istilahi, na pia inawaacha nje watu waliokiazima kitabu, waliokiiba au waliokitunza bila kukimiliki. Mimi ninaliunga mkono neno nasaba. Mswahili anapoitaja nasaba yake husema fulani bin fulani bin fulani, na pete moja ya mnyororo ikikosekana, watu huanza kuulizana maswali. Kitabu nacho ni vivyo hivyo. Atakayesema kwamba nasaba ni ya damu na kitabu hakina damu, nitamjibu kwamba neno hukua kwa kupewa kazi mpya.

Tuje sasa kwenye majalada yenyewe. Mkusanyaji anayetajwa mno katika historia ya majalada ya Ulaya ni Jean Grolier, mweka hazina wa Ufaransa katika karne ya 16. Majalada ya vitabu vyake yalipigwa kwa dhahabu maneno ya Kilatini yenye maana kwamba kitabu hicho ni cha Grolier na rafiki zake. Leo kila nakala iliyotoka katika maktaba yake inasakwa kama lulu, na chama mashuhuri cha wapenda vitabu kilichoundwa New York mwaka wa 1884 kilijiita kwa jina lake. Lakini kuna jambo ambalo watu wanaoisifu dhahabu hiyo hulipitia haraka haraka. Ufundi wa kuchapa nakshi za dhahabu juu ya ngozi kwa chuma cha moto uliingia Italia katika karne ya 15 kutoka ulimwengu wa Kiislamu, na ndipo Wafaransa wakaupata. Sasa basi, anayelitazama jalada la Grolier kwa jicho la mwanahistoria anaona biashara ya bahari ya Mediterania na mafundi wa Kiislamu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Anayelitazama kwa jicho la mnada anaona bei.

Ulimwengu huo wa Kiislamu ndio uliofika hadi pwani yetu. Mji wa Siyu, katika kisiwa cha Pate, ulisifika katika karne za 18 na 19 kwa waandishi walionakili misahafu na vitabu kwa mkono, na kwa mafundi wa ngozi na wa kujalidi. Baadhi ya misahafu ya Siyu imesalia humu nchini na mingine imo katika makusanyo ya ng'ambo. Wasomi wanaoichunguza, akiwamo Zulfikar Hirji, hawaishii kwenye matini, kwa sababu matini ya msahafu haibadiliki. Wanachokichunguza ni karatasi ilitoka wapi, wino ni wa rangi gani, nakshi za pambizoni zinafanana na za wapi, na kitabu kilifungwa vipi. Kama jalada lisingekuwa na maana, misahafu ya Siyu isingetuambia lolote kuhusu Siyu.

Kuna tofauti moja ambayo hata asiye mtaalamu anaweza kuiona. Jalada la Kizungu huwa kubwa kidogo kuliko karatasi zake, hivi kwamba kingo zake huchomoza pande tatu. Jalada la kale la Kiislamu hulingana sawasawa na karatasi, na mara nyingi huwa na ulimi: kipande cha ngozi kinachotoka upande mmoja, kikaukunja ukingo wa kurasa na kuingia chini ya jalada la juu. Ukiukuta mswada wa pwani ulioandikwa kwa hati ya Kiarabu, lakini umevikwa jalada la Kizungu lisilo na ulimi, una haki ya kushuku kwamba mswada huo ulivuliwa nguo zake na kuvishwa nyingine mahali fulani. Ni nani aliyeuvua? Alipata nini ndani ya jalada la zamani? Mafundi wa kale walikuwa na desturi ya kujaza majalada kwa karatasi kuukuu zilizogandishwa pamoja, na katika karatasi za namna hiyo watafiti wamewahi kupata barua, hesabu za biashara na kurasa za vitabu vingine. Aliyelitupa jalada huenda alitupa kitabu cha pili asichojua kwamba kipo.

Nasaba nayo ina kazi nyingine ya dharura zaidi: hutuambia iwapo kitabu ni cha wizi. Mfano ninaowapa wanafunzi wangu kila mwaka unamhusu profesa mwenzetu, tena profesa wa kuheshimika. Guglielmo Libri alikuwa Mwitaliano, mwanahisabati na mwanahistoria wa sayansi aliyefundisha Paris katika nusu ya kwanza ya karne ya 19. Serikali ya Ufaransa ilimtuma akague maktaba za mikoani. Fisi alikabidhiwa bucha! Libri aliiba miswada na vitabu kwa wingi, na mwaka wa 1848 mambo yalipofichuka akatorokea Uingereza pamoja na masanduku yake. Mwaka wa 1850 mahakama ilimhukumu kifungo cha miaka 10 bila yeye kuwapo.

Kinachonivutia katika kisa hiki ni mbinu zake. Libri alifuta mihuri ya maktaba, akabadilisha majalada na kutia maandishi ya uongo ili miswada ya Kifaransa ionekane kana kwamba ilitoka Italia. Mwizi alijua jambo ambalo wakutubi wengi hawalijui: kwamba ukitaka kukipora kitabu sharti kwanza ukiue kama shahidi. Iliwachukua wasomi wa Ufaransa miaka mingi, Léopold Delisle akiwa mbele yao, kuthibitisha ni nini kilichoibwa kutoka wapi. Na kazi hiyo haijaisha. Mwaka wa 2010 chuo cha Haverford huko Marekani kiligundua kwamba barua ya Descartes ya mwaka wa 1641 iliyokuwa katika hifadhi yake ilikuwa mojawapo ya zile alizoziiba Libri, kikairejesha Ufaransa. Barua hiyo ilirudi kwao kwa sababu kule ilikotoka kulikuwa na kumbukumbu zilizoandikwa. Je, barua ya Kiswahili iliyoibwa Mombasa au Lamu leo, itarudishwa kwa ushahidi gani?

Hapa ndipo wengine huniuliza: vitabu gani hasa vya kale tulivyo navyo sisi? Navyo ni vingi kuliko tunavyodhani. Vipo vya wageni walioandika kutuhusu: safari za Krapf zilizochapwa London mwaka wa 1860, kitabu cha Richard Burton kuhusu Zanzibar katika juzuu mbili za mwaka wa 1872, maelezo ya Stigand kuhusu nchi ya Zinji ya mwaka wa 1913. Na viko vya wenyeji, vilivyoandikwa kwa mkono, ambavyo nasaba yake ni ya kutia simanzi.

Chukua Habari za Pate, mojawapo ya tarikhi muhimu mno za pwani. Inasemekana kwamba mswada wake mkuu uliangamia mwaka wa 1890, Waingereza walipoushambulia na kuuchoma mji wa Witu. Matoleo tunayoyasoma leo, likiwamo la Kiingereza alilolichapisha Stigand mwaka wa 1913 na la Kiswahili alilolishughulikia Alice Werner mwaka uliofuata, kwa sehemu kubwa yanamrudia mtu mmoja, Bwana Kitini, mzawa wa ukoo wa Nabahani, ambaye alikuwa hazina hai ya historia ya watu wake. Yaani, moto wa siku moja uliikata nasaba ya kitabu, na tangu siku hiyo kila mwanahistoria anapobishana kuhusu tarehe za wafalme wa Pate, anabishana juu ya nakala zisizo na mama.

Tarikhi ya Kilwa ina bahati nyingine. Mswada wake wa Kiarabu ulipitia mikononi mwa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza kule Zanzibar, ukaishia London, ambako sasa umo katika Maktaba ya Uingereza. Arthur Strong aliyachapisha maandishi yake mwaka wa 1895. Tofauti ya Pate na Kilwa ni kwamba wa Kilwa tunaweza kuufuata mnyororo wake, ukajua nani alimpa nani, na ukausoma mswada ukilijua hilo. Sisemi kwamba ni heri vitabu vyetu viwe London. Nasema kwamba tukitaka kudai virudi, au kuzuia vingine visiondoke, silaha yetu itakuwa nasaba iliyoandikwa.

Burton naye anatufundisha jambo. Mswada wa kitabu chake kuhusu Zanzibar ulipotea kwa miaka kadhaa kabla ya kupatikana Bombay, ndiyo sababu kitabu kilichelewa sana kuchapwa baada ya safari yenyewe. Lakini jambo kubwa zaidi ni maktaba yake ya kibinafsi. Vitabu alivyovisoma, ambavyo kurasa zake alizijaza maelezo kwa mkono wake, vilihifadhiwa pamoja badala ya kutawanywa mnadani, na sasa viko katika maktaba ya Huntington kule California. Burton aliwadharau Waafrika, na dharau hiyo imeandikwa wazi katika vitabu vyake. Ndiyo maana pambizo zake ni muhimu. Tunaweza kuona alisoma nini, alimwamini nani, alimpuuza nani. Aliyetuandika vibaya anaweza kuhojiwa hata akiwa kaburini, mradi vitabu vyake havijasafishwa.

Na kwetu je? Nadhani Mkenya aliyeielewa hoja hii kuliko sote ni hayati Joseph Murumbi. Wengi wanamkumbuka kama Makamu wa Rais wa pili, wadhifa alioushika kwa muda mfupi mwaka wa 1966. Mtoto huyu wa baba Mgoa na mama Mmaasai aliishi London katika miaka ya 1950, wakati wa harakati za kupigania uhuru, na baadaye akawa mkusanyaji mkubwa wa vitabu, stempu na sanaa za Afrika. Idara ya Nyaraka za Kitaifa inaeleza kwamba katika mkusanyo wake mlikuwa na vitabu adimu zaidi ya 8,000 vilivyochapwa kabla ya mwaka wa 1900. Tafakari idadi hiyo. Vitabu 8,000, vingi vikiwa ni vya kutuhusu sisi, vilivyoandikwa na kuuzwa ughaibuni, mtu mmoja akaenda kinyume na mkondo, akavinunua na kuvileta nyumbani. Alipotaka kuviachia, katika miaka ya 1970, aliiuzia serikali ya Kenya. Hakuuza kimoja kimoja kwa wachuuzi wa ng'ambo.

Ninamsifu Murumbi, lakini sifa bila tathmini ni unafiki. Swali la mhakiki ni hili: vitabu vile vina thamani gani kama mkusanyo? Kitabu kimoja cha Krapf ukikipata Nairobi, unaweza kukipata pia London au Berlin. Kile ambacho hukipati kwingine ni nakala ya Murumbi, yaani kitabu alichokitafuta Mwafrika kipindi Afrika inajikomboa, pengine kikiwa bado na jina la afisa wa kikoloni aliyekimiliki kabla yake. Majina hayo mawili katika ukurasa mmoja ni sura nzima ya historia ya Kenya. Orodha ya maktaba inayotaja kichwa, mwandishi na mwaka peke yake huifuta sura hiyo. Orodha nyingi za maktaba zetu ziko hivyo: hazitaji jalada, hazitaji mhuri, hazitaji jina la mwenye kitabu. Kila siku maelfu ya wakazi wa Nairobi huambiana "tupatane Archives", wakasimama nje ya jengo lile la Moi Avenue wakiangalia saa. Ni wangapi wanaojua kwamba hatua chache kutoka hapo mnatajwa vitabu 8,000?

Kuhusu sheria, hali ni ya kushangaza. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka wa 2006 inalinda vitu vya kale vilivyotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka wa 1895. Lakini ukisoma fasili yake kwa makini utaona kwamba inasema ni kitu chochote kinachohamishika isipokuwa kitabu au hati. Sheria hiyo hiyo inaulinda mlango uliochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki kabla ya mwaka wa 1946. Basi chukua nyumba moja ya Lamu. Mlango wake una ulinzi wa sheria hii, na ni vyema. Mswada ulio kabatini nyuma ya mlango huo haumo. Atakayeutetea mpangilio huu atasema kwamba nyaraka zina sheria yake, Sura ya 19, ambayo chanzo chake ni ya mwaka wa 1965. Ni kweli, lakini sheria hiyo shabaha yake kuu ni kumbukumbu za umma. Kitabu cha mtu binafsi, kilichorithiwa kutoka kwa babu, kimeanguka katikati ya viti viwili. Wabunge wetu wana kazi hapo.

Najua pingamizi zitakazotolewa. La kwanza ni kwamba siku hizi kila kitu hupigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti, hivyo nakala yenyewe ina kazi gani? Picha ni neema, na mimi huzitumia kila wiki. Lakini picha za kurasa mara nyingi huanza na ukurasa wa kwanza wa matini na kuishia na wa mwisho. Hazionyeshi uzi wa kushonea, ulimi wa jalada, wala kilichogandishwa chini ya ngozi. Swali ambalo leo hatujui kuliuliza haliwezi kujibiwa na picha iliyopigwa na mtu ambaye hakulijua.

La pili ni zito zaidi: nchi ambayo shule zake hazina vitabu vya kiada vya kutosha inafaa kweli kujishughulisha na majalada ya ngozi? Ninakiri uzito wake. Lakini siombi pesa za kununua dhahabu za Grolier. Ninachoomba hakina gharama kubwa: kuandika kile tulicho nacho na kuacha kukiharibu. Katika maktaba moja ya chuo, ambayo sitaitaja, niliwahi kuomba kitabu cha historia ya pwani nilichokuwa nimekisoma miaka mingi nyuma. Nilikumbuka kwamba kwenye karatasi tupu ya mbele, msomaji fulani alikuwa ameandika kwa hati ya Kiarabu masahihisho ya majina ya mitaa ya Mombasa. Nikaletewa kitabu safi, kigumu kama tofali, kimevikwa kitambaa cha buluu. Karatasi za mbele na za nyuma zilikuwa zimeondolewa kwa kuwa "zilichafuka", na pambizo zimepunguzwa kwa mashine. Aliyeyaandika masahihisho yale alikuwa mwenyeji, na hakika hakuwa na njia nyingine ya kumjibu mwandishi wa kigeni. Sauti yake iliishia kwenye pipa la taka, na maktaba ikalipa pesa kwa kazi hiyo.

Kwa hiyo, wewe uliye na kitabu cha kale nyumbani, awe ni babu aliyekuachia au ulikiokota kwenye vitabu vya mitumba vya kandokando ya barabara mjini, nakusihi mambo machache. Usikibaindi upya. Usikitie selotepu, kwa sababu gundi yake hula karatasi na kuacha madoa. Jalada likiachana na kurasa, vifunge pamoja kwa utepe wa pamba na uviweke katika sanduku la karatasi ngumu, pakavu, mbali na jua na mchwa. Usifute jina la mtu. Chukua kipande cha karatasi, andika kwa penseli umekipata wapi, kwa nani na mwaka gani, kisha ukiweke kando ya kitabu, si ndani ya kurasa. Ukiona mhuri wa maktaba bila alama ya kuonyesha kwamba kiliuzwa au kuondolewa rasmi, uliza kabla ya kununua. Pengine unakaribia kumsaidia Libri wa zama zetu.

Na ninyi wakutubi, ongezeni safu moja tu katika orodha zenu: nakala hii imefungwaje, na ilitoka kwa nani. Vyuo vyetu vinavyofundisha ukutubi na historia vingeweza kuwatuma wanafunzi wakafanya kazi hiyo rafu kwa rafu kama sehemu ya mafunzo yao. Mwanafunzi atakayeandika nasaba za vitabu 50 atakuwa ameifanyia nchi kazi kubwa kuliko atakayeandika tasnifu nyingine ya kurudia yaliyokwisha kusemwa, akaenda kuibaindi.